Anti, naomba nitoke na mtoto

Toleo lililopita nilichomekea sentensi moja tu, kwamba mtoto ambaye hajaanza kutambaa ndo mtu rahisi kuliko wote kutembea naye, basi barua zikamiminika. Wengine mnashukuru, wengine mnaniuliza kama nilishawahi kulea kweli au naongea tu. Nimelea jamani, tena si mmoja. Kwa hiyo mwezi huu mambo ya ndoa na mawifi tumeyaweka pembeni, tunaongelea kutoka na mtoto mchanga wakati wa likizo ya uzazi, na nimefurahi kuona kina baba nao wameandika safari hii. Majina nimeyaficha kama kawaida, barua ndefu nimezipunguza.

Shikamoo Anti. Nina mtoto wa wiki saba, ndo wa kwanza. Tangu nijifungue nimetoka kwenda kliniki tu na kurudi, kuta za nyumba nimeshazikariri zote. Mama mkwe anasema mtoto mdogo hivyo ukimtoa nje anaokota magonjwa. Na hata nikisema nitoke, naanza kujiandaa asubuhi, nikimaliza kufunga begi anataka kunyonya, akimaliza kunyonya kachafua, nikimbadilisha kalala, inafika mchana navua viatu nakaa. Wenzangu nawaona wako nje na watoto wao wanapiga picha. Mimi nakosea wapi, au nisubiri akue kwanza? – Mama Wiki Saba

Marahaba mwanangu. Usisubiri akue, manake akikua ndo utazitamani hizi siku. Mtoto wa wiki saba hatambai, hakimbii, halilii kitu alichokiona dirishani. Anataka maziwa, kifua cha mtu na pampasi kavu, na vyote vitatu vinabebeka. Ngoja aanze kutambaa ndo utajua, unakaa mgahawani dakika mbili, zilizobaki uko chini ya meza unamtoa vitu mdomoni.

Mama mkwe sasa, usimbishie sana kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Mtoto wa umri huo kinga yake bado changa, na kwa ratiba ya chanjo inayofuatwa nchi nyingi, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wako ndo kwanza kaanza, surua yenyewe wengi wanaipata kwenye miezi 9 huko. Kasoro ni hapo kwenye neno "nje". Ugonjwa hauletwi na upepo wala na kuona jua la asubuhi, unaletwa na watu, yaani pumzi zao, mikono yao na mabusu yao. Kwa hiyo bustani, njia yenye miti, ufukweni asubuhi na mapema, uwanja wa wazi, hayo ni mazuri kuliko hata sebuleni kwako siku ambayo wamekuja wageni kumi na mmoja wao anakohoa. Cha kuacha kwa sasa ni sehemu zilizofungwa zenye msongamano, na mtu mwenye mafua asogee pembeni bila kuonewa aibu. Mwenye malengelenge mdomoni ndo kabisa, asimbusu mtoto hata kama ni dada yako wa damu, kile kirusi mtu mzima kinampa kidonda tu lakini kwa mchanga kinaweza kuwa hatari sana. We muombe mama mkwe awe ndo mlinzi wa mikono ya watu, atafurahi na atakuacha utoke.

Na hili lishike: mtoto chini ya miezi 3 joto likifika nyuzi 38 unaenda naye hospitali siku hiyohiyo, awe alitoka nje au hakutoka. Usimpe dawa nyumbani ukasubiri uone.

Tuje kwenye begi. Tatizo lako sio uvivu wala sio kwamba huna akili ya kupanga, tatizo unasubiri muda ambao mtoto hana shida yoyote ndo utoke, na huo muda haupo. Mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima usiku na mchana, piga hesabu mwenyewe, ni kila masaa mawili mpaka matatu, sasa nafasi utaipata wapi? Geuza. Begi lifungwe usiku, likae mlangoni, na lisifunguliwe tena kutoa vitu vya matumizi ya nyumbani. We vaa kabla hajaamka. Akiamka anyonye, abadilishwe, na hapohapo mtoke, hata vyombo viko kwenye sinki viache. Mtoto wa umri huo anakaa macho lisaa limoja hivi afu anachoka, kwa hiyo atasinzia njiani na utapata muda wako ukiwa tayari uko ulikotaka kwenda. Ukisubiri alale ndo umuweke kwenye kigari ataamka, nakuhakikishia.

Ndani ya begi usiweke nyumba nzima. Pampasi moja kwa kila masaa mawili utakayokuwa nje na mbili za dharura, waipsi, kitambaa cha kutandika, kitambaa cha kucheulia, nguo zake pea mbili, mfuko wa plastiki wa kuwekea zilizochafuka, na blauzi YAKO moja. Hii ya mwisho watu wanaisahau, mtoto akicheua anacheulia begani kwa mama, yeye unambadilisha anapendeza, we unazunguka na doa mpaka jioni. Afu kuna kitu kuhusu zile fulana za mtoto za kufunga chini. Umeona mabegani kitambaa kimepishana kama kimekunjwa? Sio urembo. Ni kwa ajili ya siku ambayo choo kimepanda mpaka mgongoni, hiyo fulana huivui kupitia kichwani ukampaka kinyesi nywele na masikio, unapanua shingo yake unaishusha chini kupitia mabegani, mikono inatoka, miguu inatoka, unaikunja kwa ndani unaitupia kwenye mfuko. Nimeona wazazi wa mtoto wa tatu hawalijui hili.

Kuhusu wapi uende, nenda unakopenda wewe. Ndo jambo ninalotaka mlishike wote mnaosoma. Mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka kifuani kwako mpaka usoni kwako, mbele ya hapo ni ukungu. Hakuna bustani ya wanyama anayoihitaji. Kama ulikuwa unapenda maduka ya vitabu, nenda dukani saa ambazo hakuna watu. Kama ulikuwa unapenda kukaa mahali ukaangalia watu wanapita, kaa. Mara ya kwanza nusu saa inatosha, mahali pa karibu ambapo ukishindwa unarudi kwa miguu. Na akilia, alie. Kilio cha wachanga kinapanda mpaka kilele kwenye wiki ya sita hivi afu kinaanza kushuka, kwa hiyo we uko juu kabisa ya mlima sasa hivi, hizo picha za wenzako zinaweza kuwa za watoto wa miezi minne, na hata kama ni wa wiki saba basi picha ilipigwa dakika ambayo hakulia.

Anti mi shida yangu kunyonyesha mbele za watu. Mtoto ana miezi mitatu, nikitoka naye nakuwa na stresi muda wote nikiwaza ataanza lini. Nikimfunika na kitambaa anakitoa kwa nguvu na kupiga kelele ndo kila mtu anageuka. Nimewaza niwe nakamua niweke kwenye chupa, ila sijui yanakaa muda gani. – Mnyonyeshaji Mwenye Aibu

Hata we ungefunikwa kichwa ukiwa unakula ungepiga kelele, dada.

Achana na kitambaa cha kichwani, vaa nguo mbili. Ya ndani ni singlendi unayoweza kuishusha, ya juu ni blauzi pana unayoipandisha. Unashusha ya ndani, unapandisha ya juu, kichwa cha mtoto kinaziba kilichobaki na tumbo lako halionekani kabisa. Fanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo, utashangaa jinsi hakuna kinachoonekana, mtu akipita anadhani mtoto kalala. Sekunde zenye kazi ni zile za kumuweka kwenye titi, hizo geukia ukutani au mgeukie uliyeongozana naye, akishashika vizuri geuka endelea na maongezi yako.

La pili, usisubiri kilio. Kulia ni hatua ya mwisho ya njaa, kabla ya hapo ameshakwambia mara tatu: anageuza kichwa huku na huku akitafuta, anafumbua mdomo, ananyonya ngumi. Ukimnyonyesha kwenye ngumi hakuna atakayegeuka, ukimnyonyesha kwenye kilio mgahawa mzima unakushauri.

Ukitaka kukamua pia sawa. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa masaa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, ila ni nyuzi 25 kushuka chini, ukiwa mahali pa joto kali hesabu muda mfupi zaidi. Kwenye kibegi cha baridi chenye vile vifuko vya barafu iliyoganda yanafika masaa 24. Chupa aliyoinywa akaibakiza itumie ndani ya masaa 2 baada ya kumaliza kunywa, ikipita hapo mwaga hata kama roho inauma, na najua inauma kuliko pesa. Kwa wanaotumia maziwa ya kopo, msichanganye nyumbani mkazunguka nayo kutwa. Beba maji ya moto kwenye themosi na unga uliopimwa kwenye kikopo safi kikavu, changanya mkifika, poza, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yakishachanganywa ni masaa 2, na akishaanza kuyanywa ni lisaa limoja basi.

Afu kuna walioniuliza kama siku ya joto wampe mtoto maji kidogo. Chini ya miezi 6, hapana, maziwa yana maji ya kumtosha. Akitaka kunyonya mara nyingi zaidi siku hiyo mruhusu, ndo anavyokunywa maji.

Habari Anti. Mimi ni baba. Mke wangu amerudi kazini na mimi ndo niko likizo na binti yetu wa miezi mitano. Nyumbani tuko poa kabisa. Tukitoka sasa, kila mtu "mama yake yuko wapi?", meza ya kubadilishia ikiwepo iko choo cha wanawake, na akilia watu wanataka kunipokonya. Juzi nilimbeba kwenye mbeleko ya kufunga mbele mzee mmoja akaniambia nitamvunja miguu. Naomba mbinu. – Baba wa Zamu

Nzuri baba, na hongera. Uswidi ndo nchi ya kwanza kuifanya likizo hii iwe ya mama au baba kwa pamoja, mwaka 1974, kwa hiyo kuna wanaume huko sasa hivi ni mababu na walishasukuma vigari mchana kweupe wakaitwa majina. Hujaanzisha wewe.

Swali la "mama yake yuko wapi" lina jibu fupi, "kazini", unatabasamu na unaendelea kutembea. Usieleze. Ukianza kueleza unaonekana unaomba ruhusa na ushauri unaanza kumiminika. Wale wa kukupokonya mtoto akilia, wengi wana nia nzuri, waambie "asante, ananizoea hivi hivi" na umshike begani umbembeleze pale pale ulipo. Akinyamaza mikononi mwako mara mbili tatu hadharani, we mwenyewe utaacha kutetemeka, na mtoto anayasikia matetemeko yako kuliko kelele za watu.

Mbeleko tuiangalie vizuri maana hapo mzee kakosea ila swali lake ni la maana. Mtoto akibebwa mbele, magoti yake yawe juu kidogo kuliko makalio, mapaja yameshikiliwa na kitambaa mpaka karibu na goti, miguu imekaa kama ya chura. Huo ndo mkao wa salama kwa nyonga zake. Ikiwa miguu inaning'inia imenyooka chini na anashikiliwa sehemu ya katikati tu, badilisha. Mambo mengine, uso wake uuone muda wote bila kufunua kitu, kidevu kisilale kifuani kwake, vidole viwili vipite hapo chini ya kidevu, awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini, na mbeleko iwe imebana, ukiinama asichomoke. Kumgeuza aangalie mbele subiri shingo iwe imekaza kabisa, na hata hapo iwe kwa muda mfupi, akichoka kuangalia dunia hana pa kuficha uso. Na kinywaji cha moto hapana ukiwa umembeba, hata kama una usingizi kiasi gani.

Choo sasa. Nunua mkeka mdogo wa plastiki unaokunjika, ukiwa na huo kila mahali ni meza. Benchi, siti ya nyuma ya gari, sakafuni kwenye kona safi. Kwa kweli mi napenda sakafu kuliko meza, binti wa miezi mitano anajifunza kujigeuza na meza iko juu, unageuka kuchukua waipsi moja tu anadondoka. Ukiwa juu ya kitu chochote mkono mmoja uko tumboni kwake muda wote, kila kitu kimefunguliwa na kupangwa kabla ya kumlaza. Na ukimkuta meneja wa mahali hapo muulize kwa upole kwa nini meza iko upande mmoja, wakiulizwa na wanaume wengi wataihamisha.

Ratiba ya miezi mitano ni rahisi, anakaa macho masaa mawili hivi, kwa hiyo una kipande kizuri cha kutembea, kukaa chini kwenye nyasi, kumuonyesha majani na mbwa, maana umri huu tofauti na yule wa wiki saba anaona mbali na kila kitu kwake ni habari. Picha mtumie mama yake ila chagua muda, kuna siku picha ya bustani inamkuta kwenye kikao na machozi yanamtoka. Muulize anapenda zije saa ngapi.

Anti nisaidie kuhusu jua. Mtoto ana miezi minne, nikitoka naye kwenye kigari nafunika na khanga nyepesi asipigwe jua, rafiki yangu ananikataza. Pia losheni ya jua nimpake? – Mama Kigari

Rafiki yako yuko sahihi. Kitambaa hata kiwe chepesi kinazuia hewa isipite na joto ndani linapanda haraka, tena humuoni. Tumia kofia ya kigari yenyewe au mwavuli unaobana pembeni, ili upande mmoja ubaki wazi. Losheni ya jua kwa walio chini ya miezi 6 haipendekezwi kama njia ya kwanza, kinga yao ni kivuli, nguo nyepesi za mikono mirefu na kofia pana. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni jua ni kali, we toka kabla au baada. Kujua kama ana joto gusa shingo kwa nyuma au kifua, usiguse viganja, viganja vya mtoto vinakuwa baridi hata akiwa vizuri tu. Na kwenye gari lililosimama haachwi, hata dakika mbili za kukimbilia dukani, hata vioo vikiwa wazi kidogo.

Anti, mi sina swali la begi. Mtoto ana miezi miwili, natoka naye, napiga picha, nacheka, narudi nyumbani nakaa chini nalia. Sijisikii chochote. Watu wananiambia toka toka utajisikia vizuri, natoka lakini wapi. Naogopa kumwambia mume wangu ataona sina shukrani. – Sina Jina

Asante kwa kuandika, na barua yako ndo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Siku za mwanzo baada ya kujifungua wanawake wengi wanalia hovyo, homoni zinashuka kwa kasi, usingizi hakuna, na hiyo kawaida inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Wewe uko miezi miwili. Hiyo sio ukosefu wa shukrani, inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, na ni ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani asilimia 13 hivi ya wanawake waliojifungua karibuni wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa hiyo kwenye foleni ya kliniki uliyokaa juzi kuna mwenzio alikuwa amekaa na hali hiyohiyo, naye kacheka kwenye picha.

Waliokwambia toka hawajakosea, kutembea na kuona watu kunasaidia, ila kutoka peke yake sio tiba na usijilaumu kwamba dawa imekataa kwako. Nenda kwa mkunga wako, nesi wa kliniki au daktari, wiki hii, na kama maneno ni magumu mpe gazeti hili asome barua yako. Mume mwambie sentensi moja tu, "siko sawa tangu nijifungue na nataka twende hospitali wote". Usimueleze sababu, huna haja ya kuwa na sababu. Na kama yanakuja mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo hakuna wiki hii, ni leo, na usibaki peke yako.

Baba mnaosoma hapa mkiona mkeo hali chakula, halali usingizi hata mtoto akilala, au anaongea kama mtu aliye mbali, msingoje awaambie.

Kuna sherehe ya ndugu, muziki mkubwa, na mtoto ana miezi minne. Nikienda nitamuumiza masikio? Afu huko ni mbali, safari ya gari masaa sita. – Mwenye Mwaliko

Nenda, ila usikae na spika. Kipimo rahisi, kama inabidi upaze sauti kumwambia kitu mtu aliye umbali wa mkono, hapo ni kelele nyingi kwa mtoto. Kaa upande wa mbali kabisa, au mvalishe vile vifunika masikio vya watoto, pamba usimchomekee. Hudhuria sehemu ya mchana ambayo kuna kula na kusalimiana, usiku wakianza kufungulia muziki we umeshaondoka na kisingizio chako kiko mikononi, hicho nacho ni raha ya kuwa na mchanga.

Safari, kiti cha mtoto kikae siti ya nyuma kikiangalia nyuma, simamisheni gari kila masaa mawili au kabla, mtoeni alale amenyooka kidogo, anyonye, abadilishwe. Kumnyonyesha gari likiwa linatembea hapana, anatakiwa awe amefungwa mkanda. Masaa sita panga nane. Na wanaoenda kwa ndege, mnyonyeshe wakati wa kupaa na wakati wa kushuka, kumeza kunamsaidia masikio.

Anti likizo yangu inaisha wiki tatu zijazo na sijafanya chochote! Nilikuwa na listi ya sehemu kumi na mbili. Nimeenda mbili. Najisikia nimepoteza muda. Nizipange zote sasa? – Bado Kumi

Hapana. Zikikuishia wiki tatu ukikimbizana na listi utarudi kazini umechoka kuliko ulivyotoka wodini.

Na wewe hujapoteza muda, muda wenyewe ulikuwa mfupi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya mama isipungue wiki 14, na nyingi kati ya hizo mtu anapona mwili na kujifunza kunyonyesha. Mkataba huohuo unaongelea pia mapumziko ya kunyonyesha ukirudi kazini, kwa hiyo kabla wiki hizi hazijaisha ulizia kazini kwako wana utaratibu gani, iwe ni moja ya mitoko yako, mpeleke mtoto akawasalimie na uone chumba cha kukamulia kiko wapi au ni stoo.

Kwenye zile kumi chagua mbili ambazo ukizifikiria unatabasamu, zingine zifute. Zile mbili ulizoenda, kama ulizipenda zirudie, mahali ulipopazoea unajua kivuli kiko wapi, choo kiko wapi, unakaa tu. Na mara moja moja katika hizi wiki tatu mtoto atoke na mtu atakayekuwa anakaa naye ukianza kazi, kwanza mkiwa wote, afu wao wawili na wewe ubaki nyumbani ulale. Mtoko wa mtoto bila wewe nao ni mtoko.

Anti moja la haraka: ninunue kigari au mbeleko? – Mfukoni Kunabana

Mbeleko. Inapanda ngazi, inaingia kwenye basi, haihitaji njia nzuri, na mtoto anayelia akiwa kifuani kwa mtu mara nyingi ananyamaza. Kigari azima au nunua kilichotumika, uzito ukishapita uwezo wa mgongo wako, ila kabla hujalipa jaribu breki na uone kama kinakunjika kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba mtoto, na mwenye nacho akikwambia "kinahitaji mafuta kidogo tu" kiache hapohapo. Kiti cha gari ndo usinunue cha mkononi kama hujui historia yake, kikishapata ajali kinaweza kuonekana kizima na ndani kimevunjika.